Kidhibiti Sauti Kisichokuza

Kijisanduku chenye kitufe cha sauti na swichi ya kuchagua kati ya redio na mashine ya sidii huuzwa kwa jina la priamplifaya pasivu. Anayelitafsiri neno kwa neno hupata "kikuza awali tuli", na mnunuzi huwa amekwisha kupotoshwa, kwa kuwa kijisanduku hicho hakikuzi chochote. Hakitumii stima, ndani yake mna potenshiometa tu, inayopunguza mawimbi kabla hayajafika kwenye amplifaya. Napendekeza tukiite kidhibiti sauti kisichokuza. Watetezi wa "kikuza awali" watasema jina hilo linataja nafasi ya kifaa, si kazi yake. Lakini "kikuza" ni neno la kazi, na tunalihitaji: sindano ya sumaku ya santuri hutoa takriban milivolti 5, na hizo hazina budi kukuzwa kwanza. Kikuza awali kibaki kuwa jina la kifaa kinachozikuza.

Kwa anayepanga vyombo vyake vya muziki katika chumba cha futi kumi kwa kumi, Kibera au Kawangware, tofauti hii inagusa mfuko. Mashine ya sidii hutoa kama volti 2, ilhali amplifaya nyingi hufikia nguvu zake zote kwa volti 1 hivi. Tena ukuta wa mabati haumfichi jirani chochote. Kinachohitajika hapo ni kupunguza, na kulipia ukuzaji wa ziada ili uuzime kwa kitufe ni hasara tupu. Wapo wanaolalamika kwamba kifaa hiki hufifisha sauti nyembamba. Wana haki, kifaa kikichaguliwa vibaya: potenshiometa ya kilo-omu 100 ikiwa katikati huwa na ukinzani wa kutolea wa hadi kilo-omu 25, na waya wa mita 10 wenye pikofaradi 100 kwa kila mita huanza kumeza sauti kwenye kilohezi 6 hivi. Matoazi yanapotea. Potenshiometa ya kilo-omu 10 haizidi kilo-omu 2.5, na kwa waya wa mita moja, unaotosha kabisa chumba hicho, upungufu huangukia mbali juu ya kilohezi 20, ambako sikio halifiki. Basi kabla ya kutoa pesa kwenye maduka ya elektroniki ya barabara ya Luthuli, uliza ukinzani wa kuingilia wa amplifaya yako: usipungue kilo-omu 25, yaani mara kumi ya hizo 2.5.