Nani Ameachia Ngoma?

Hapa Suma, wilayani Rungwe, kijana akitoka Tukuyu kujaza nyimbo kwenye memori kadi hasemi msanii fulani ametoa wimbo. Anasema ameachia ngoma. Nalipenda sana neno hilo. Kuachia ni kulegeza mkono ulioshika kitu, na ndilo neno la mirathi pia: mzee huwaachia wanawe shamba la chai. Kila linapotajwa, yuko anayelegeza na yuko anayepokea.

Kazi inaanza mwenye mkono akishazikwa. "Marehemu fulani ameachia ngoma mpya." Sarufi yake haina kasoro, lakini habari yenyewe si ya kweli. Ile a- ya mwanzo inamtaja mtenda, na mtenda hayupo. Aliyeachia ni mjane, au ndugu, au kampuni, au prodyuza ambaye kompyuta yake ilibaki na voko za beti moja na kiitikio, bila biti, bila mwenyewe kusema kama alizipenda.

Mbaraka Mwinshehe, gwiji wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa Januari 1979. Polygram ya Nairobi ilipotoa santuri zake baada ya hapo, mfululizo uliitwa Ukumbusho. Aliyelichagua neno hilo alikuwa na adabu ya lugha, kwani anayekumbusha ni aliye hai, na msikilizaji alilijua hilo kabla sindano haijagusa santuri. Kwenye majukwaa ya muziki mtandaoni adabu hiyo imepotea. Wimbo hupakiwa kwenye ukurasa wa msanii, ukakaa juu kabisa kama toleo jipya, na mara nyingi mwaka unaoandikwa ni wa kupakiwa. Mtoto wa leo akiusikiliza atadhani mwimbaji yuko studio.

Wakati mwingine hata sauti yenyewe hutiliwa shaka. Michael Jackson alifariki Juni 2009. Albamu iliyoitwa Michael ikatoka Desemba 2010. Nyimbo zake tatu zilibishaniwa kwa miaka kama sauti ni yake kweli, na mwaka 2022 zikaondolewa mtandaoni. Santuri iliyokwisha kununuliwa haiondolewi sebuleni kwa mtu.

Hapa Tanzania, Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iliweka ulinzi wa kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Hakishiriki ni neno zuri mno, lisilotajwa vya kutosha: linawapa nafasi yao mwimbaji na mtayarishaji wa rekodi. Ila sheria inagawa haki. Haisemi marehemu alitaka nini.

Sisi Wanyakyusa tuna mfano wa karibu wa mkono usiojificha. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe miaka ya 1930, waliandika habari za maziko yenye ngoma na wachezaji. Ngoma ile ilipigwa kwa ajili ya marehemu, na waliopiga walionekana wote, kila mmoja na mkono wake.

Ndiyo maana nawaomba watangazaji wa redio watenganishe mambo mawili. Wimbo ambao msanii aliumaliza mwenyewe akauweka, tuuite wimbo wa akiba. Vipande vilivyounganishwa na wengine, tuseme wimbo uliomaliziwa, na aliyemalizia atajwe kwa jina. Halafu kitenzi kipewe mwenyewe: familia imeachia, kampuni imeachia, prodyuza ameachia.