Korona imepita, lakini moyo bado unakimbia

Leo turudi nyuma kidogo, hapa Kalemie.

Mwisho wa 1918, vita vikiisha, mafua makali yaliyoitwa ya Kihispania yaliingia Kongo kwa meli na garimoshi. Mji wetu uliitwa Albertville, na reli ya kutoka Kabalo ilikuwa imefika ziwani tangu 1915. Ng'ambo ya ziwa, kule Ugogo, ilikuwa miaka ya njaa ambayo wenyeji waliiita Mtunya. Vita vilikuwa vimechukua wapagazi, ng'ombe na nafaka, mvua nayo ikakosa. Wako wanahistoria wanaoongeza jambo la tatu: waliopona mafua walibaki wanyonge, hawakuweza kulima. Sidhani kuna aliyewapima moyo.

Korona ilitangazwa Kinshasa tarehe 10 Machi 2020. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likasema dharura imekwisha, nasi barakoa tulikuwa tumeshazitupa. Lakini mwezi wa pili 2022, watafiti wa Marekani walikuwa wametoa hesabu ya askari wa zamani zaidi ya 150,000 waliougua. Katika mwaka uliofuata ugonjwa, hatari ya moyo kushindwa kazi ilizidi kwa asilimia 72 ile ya wasiougua. Kiharusi, asilimia 52. Hata ambao hawakulazwa hospitali hawakusalimika. Ni kweli, wengi wao ni wanaume wazee, si mama mwenye dumu la maji kichwani. Ila virusi ni vilevile: huwasha msuli wa moyo na ngozi ya ndani ya mishipa, damu ikaganda, na mapigo yakapoteza mpango.

Hapa kwetu wachache sana walipimwa Korona. Kwa hiyo mama akisimama moyo ukamwenda mbio, ataambiwa ni mawazo ya vita, au amerogwa, au ni mvivu. Inaweza kuwa malaria, upungufu wa damu au njaa pia. Ndiyo sababu ya kwenda kupimwa. Mwambie muuguzi kama uliwahi kupata homa ukapoteza harufu, hata kama hukupimwa. Omba apime tansio na mapigo. Na ukiumwa kifua, ukizimia, miguu ikivimba au ukikosa pumzi ukilala, usingoje kesho.