Mwalimu wa kujitolea haikwepi siasa

Wako wanaoamini kwamba mtu akijitolea kufundisha ugenini, kazi yake ni chaki na ubao, siasa haimhusu. Mimi sikubaliani nao, na ushahidi wangu ni shule moja iliyokuwapo Kurasini, Dar es Salaam.

Shule hiyo, Taasisi ya Msumbiji, ilianzishwa mwaka 1963 ikiongozwa na Bibi Janet Mondlane, Mmarekani, mke wa kiongozi wa FRELIMO, Dk. Eduardo Mondlane. Iliwasomesha vijana waliokimbia utawala wa Wareno. Miongoni mwa walimu walikuwamo Wazungu watatu wa asili ya Kireno walioupa mkono harakati za uhuru: Jacinto Veloso, rubani wa jeshi aliyetoroka na ndege mwaka 1963, Dk. Helder Martins, tabibu. Na Fernando Ganhão.

Vita vilipoanza Septemba 1964, swali likazuka: kijana akisoma, aende msituni kupigana au aende ng'ambo chuo kikuu? Uongozi ulitaka elimu itumikie vita. Wanafunzi wengi walitaka kuendelea na masomo, na Padre Mateus Gwenjere akawaunga mkono. Aliwapinga pia walimu Wazungu. Machi 1968 zikatokea ghasia, shule ikafungwa. Mwaka huo huo walimu wale watatu wakatakiwa kuondoka Tanzania. Februari 3, 1969, Mondlane mwenyewe akauawa kwa bomu.

Tusiwe wepesi kuwalaumu wanafunzi. Kijana aliyemkimbia Mreno kwao, kisha akamkuta Mzungu mwingine mbele ya darasa akisema Kireno kile kile, angeijuaje nia yake? Nia haiandikwi usoni. Lakini mwalimu naye alikuwa ameacha kwao na kuitwa msaliti. Kila upande ulikuwa na hoja.

Msumbiji ilipopata uhuru Juni 25, 1975, Martins akawa waziri wa kwanza wa afya, Ganhão akaongoza chuo kikuu, Veloso naye akawa waziri. Walifukuzwa, hawakususa.

Kwa maoni yangu, hapo ndipo kujitolea kunapopimwa. Kijana wetu anayetaka kwenda kufundisha nchi ya watu ajiulize kwanza: nimeitwa na nani, na wanafunzi wangu wanaitaka elimu hii iwafikishe wapi? Na wakinikataa, je, nitaendelea kuwatakia mema?