Kupogoa miti ya kiwanjani (Kasongo na Kabambare)

Kupogoa ni kuondoa kwa makusudi tawi au chipukizi la mti ulio hai, ili sehemu inayobaki iwe salama, izae vizuri, au isidhuru kilicho chini yake. Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, kazi hii inahusu miti ya parsele, kama kiwanja chenye nyumba kinavyoitwa huko: mwembe kwanza, kisha mti wa avoka, mchungwa, mlimau, mpera, msafu na mchikichi. Kwa kawaida mti hukatwa kwa sababu umekuwa mkubwa au kwa sababu kuni zimekwisha. Makala hii inashikilia kwamba sababu zote mbili hazitoshi. Ukubwa si ugonjwa, na haja ya kuni ni habari ya jiko, si ya mti. Mti unaohitaji kupogolewa huonyesha hivyo mwilini mwake, na dalili hizo zinaweza kusomwa na mtu aliyesimama chini bila chombo chochote.

Mwembe wenyewe ni mgeni aliyezoea. Asili yake ni Asia ya Kusini. Kutoka pwani ulifuata njia ya misafara, Bagamoyo, Tabora, Ujiji, kisha ng'ambo ya ziwa Tanganyika mpaka Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Sidney Hinde, daktari Mwingereza aliyekuwa katika jeshi la kamanda Mbelgiji Dhanis lililoiteka Kasongo Aprili 1893, alisimulia katika kitabu chake cha 1897 bustani zilizojaa machungwa, mapera, makomamanga na mananasi. Mji huo wa zamani, wa mfanyabiashara Tippu Tip na mwanawe Sefu, si Kasongo ya leo: sasa ni mahame, na jina la mahali hapo, Tongoni, linasema hivyo hivyo. Mazoea ya kupanda miti ya matunda karibu na nyumba, hata hivyo, hayakubaki mahameni. Historia hii ina uzito kwa msomaji wa leo, maana mwembe uliotokana na kokwa, usiobebeshwa, huweza kuishi zaidi ya miaka 100 na kufikia mita 30. Mafunzo mengi ya kupogoa yameandikwa kwa ajili ya mashamba ya miembe mifupi iliyobebeshwa, ambako mkulima hufikia kilele kwa ngazi. Kwenye mwembe wa babu, uliopandwa palipokuwa na nafasi na sasa una bati la jirani chini yake, swali la kwanza si mavuno. Ni nini kitaanguka, na kitamwangukia nani.

Dalili iliyo wazi kuliko zote ni tawi lililokufa. Mwembe haupukutishi majani yote kwa msimu, kwa hiyo tawi tupu katikati ya matawi yenye majani halisubiri mvua, limekufa. Ukilikwaruza kwa ukucha, chini ya gome hakuna kijani, ni kahawia kavu. Dalili ya pili imejificha kwenye panda, yaani pale shina linapogawanyika. Panda iliyo pana, yenye umbo la bakuli, hushikana kwa mti mgumu. Panda nyembamba, ambamo magome ya pande mbili yamebanana kama viganja vilivyokutanishwa, haikushikana kwa ndani hata ikionekana imara. Ufa mwembamba unaoshuka kutoka hapo, au maji meusi yanayochuruzika, yanaonyesha kwamba kuchanika kumeanza. Uyoga mgumu unaoota kwenye shina au kwenye kitako cha mti ni tunda la kuvu ambalo tayari limekula mti wa ndani. Mti ulioinama tangu utoto, ukapinda kilele chake kurudi juu, umejirekebisha wenyewe. Ulioinama juzi, na udongo wa upande wa pili umenyanyuka au kupasuka, hauombi kupogolewa. Unaomba watu waondoke chini yake mpaka uangushwe. Pia kuna kirukia, mmea unaopandwa na ndege kwa mbegu zenye ulimbo, ambao hunyonya maji ya mti uliouchukua. Huonekana kama kishada cha majani ya rangi nyingine katikati ya majani ya mwembe au mchungwa. Kuuchuma kwa mkono hakusaidii, kwa kuwa mizizi yake imeingia ndani ya mti. Tawi hukatwa chini ya pale ulipojishika, kwa umbali wa mkono hivi.

Si kila unyonge wa mti unaponywa na msumeno. Mti wa avoka ambao majani yake yamekuwa madogo na ya manjano, na ncha za matawi zinakauka kuanzia juu, mara nyingi unaoza mizizi kwa udongo unaotuama maji. Kuukata juu ni kuunyima majani machache yanayoulisha. Vivyo hivyo na kiwanja kinachofagiliwa kila asubuhi hadi udongo mtupu, usafi unaosifiwa kwa haki, lakini ufagio na maji ya paa huondoa ardhi kidogo kidogo mpaka mizizi inabaki nje. Hapo dawa ni udongo na majani makavu kuzunguka shina, si panga.

Pingamizi la kwanza dhidi ya kupogoa ni la wazee, nalo si la kudharauliwa: miembe ya zamani haikupogolewa na mtu, na bado imesimama. Ni kweli kwa ile iliyosimama. Iliyoanguka haipo kutoa ushahidi. Kuni zake zilishaungua. Isitoshe, mwembe uliokua peke yake uwanjani ulidondosha matawi yake makavu juu ya nyasi, na hakuna aliyehesabu. Kilichobadilika ni kilicho chini ya mti.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine: kama mti ni hatari, basi ukatwe kilele chote ufupike. Hili linaonekana la busara kwa miaka miwili. Machipukizi yanayotoka chini ya mkato wa namna hiyo huota karibu na gome, yameshikwa na mti wa nje tu. Yanakimbilia juu kwa wingi, huku kisiki kilichoachwa wazi kinaoza chini yao. Mti mfupi wa leo unazaa matawi mazito yasiyo na mshiko. Alex Shigo, mtafiti wa Idara ya Misitu ya Marekani aliyechana maelfu ya magogo ili aone ndani, alionyesha kwamba mti hauponi kidonda kama ngozi inavyopona. Huzungushia uozo ukuta na kuendelea kukua nje yake. Ukuta huo una nguvu kwenye kola, uvimbe mdogo pale tawi linapotoka shinani. Mkato upite nje ya kola, usiikate na usiache kisiki kirefu. Kupaka rangi au lami juu ya kidonda hakuzuii uozo. Kwa mwaka mmoja isitoke zaidi ya robo ya majani, na kwa mti wa avoka pungufu ya hapo, kwa kuwa gome lake lililozoea kivuli huungua likipigwa na jua ghafla. Ndiyo sababu wakulima wengine hulipaka chokaa.

Lipo pingamizi la tatu, la majira, na hili ndilo lenye nguvu. Mwembe huchanua kiangazi, kwenye ncha za matawi yaliyokomaa. Ukipogoa wakati huo unakata maua. Ukingoja matunda yaive, umeshapitwa na upepo wa mvua za kwanza, karibu na Septemba, wakati matawi yanaanza kubeba uzito. Jibu ni kutenganisha kutazama na kukata. Kupunguza matawi ya ndani, yanayosuguana na kuweka unyevu unaoleta ugonjwa wa chule, kufanywe mara baada ya mavuno, ili machipukizi mapya yakomae kabla ya kiangazi kijacho. Ukaguzi wa hatari ufanywe kiangazi chenyewe, na tawi kavu au panda iliyopasuka viondolewe bila kujali maua. Hasara ni ya tawi moja. Anayekata ajihadhari na utomvu wa mwembe, maana huunguza ngozi, na tawi nene likatwe kwanza upande wa chini, mbali na shina, ili lisichane gome likidondoka.

Mchikichi hauingii katika hesabu hii. Hauna matawi, una kilele kimoja tu cha kukulia, na kikikatwa mti umekufa. Makuti mabichi ndiyo yanayolisha mikungu ya ngazi, yaani matunda yake. Yanayostahili kuondolewa ni yaliyokauka na kuning'inia, pamoja na lile linalomzuia mvunaji kuufikia mkungu ulioiva.