Sadhu Sundar Singh na Mwenzake wa Mlimani

Katika nchi ya Hindi tangu kale wako watu waitwao masadhu. Hao huacha mali na jamaa, huvaa nguo ya manjano, nao huzunguka vijijini wakiomba chakula na kumtafuta Mungu. Sundar Singh, aliyezaliwa mwaka 1889 huko Punjab katika jamaa ya Masingasinga wenye mali, alifundishwa na mama yake kuwaheshimu watu hao. Mama yake alipofariki, kijana aliichukia sana dini ya Kikristo, hata akaichoma moto Injili. Lakini mwaka 1905 alibatizwa mjini Simla, na jamaa zake wakamkataa. Mwezi uliofuata akavaa nguo ya sadhu, akaenda kuhubiri kwa miguu mitupu, bila fedha, Agano Jipya mkononi.

Mwaka 1906, katika milima ya Himalaya, alikutana na Samuel Stokes, kijana wa Marekani, mwana wa tajiri wa Philadelphia. Huyu alikuwa amekuja mwaka 1904 kuwahudumia wakoma wa Sabathu, na sasa ameacha starehe za kwao. Wakasafiri pamoja kwa muda, wakihubiri na kuwauguza wagonjwa. Kisha njia zao zikaachana.

Sundar Singh aliingia chuo cha dini Lahore, lakini mwaka 1910 akatoka, akarudisha hati yake ya kuhubiri, maana hakutaka kazi yake ifungwe ndani ya mipaka ya dayosisi moja. Mara kwa mara alipanda milima kwenda Tibet. Mwaka 1920 alifika Uingereza na Marekani, naye akavaa nguo ile ile ya sadhu. Mwaka 1929 aliondoka tena kwenda Tibet, wala hakuonekana tena.

Stokes aliacha kuzunguka mwaka 1912. Alioa binti Mkristo wa milimani, akanunua shamba Kotgarh, akalima. Wanakijiji wenzake walikuwa wakitolewa kwa nguvu kuchukua mizigo ya maofisa. Wazee wetu waliojua shokoa wanafahamu uchungu wake. Stokes alishindana na desturi hiyo miaka mingi, hata mwaka 1921 ikaondolewa huko. Mwaka huo huo alitiwa gerezani kwa kudai uhuru wa Wahindi. Tena alileta miche ya matufaha kutoka Marekani, na hata leo milima ile hupata riziki kwa matunda hayo. Mwaka 1932 aliingia dini ya Kihindu. Hilo liliwahuzunisha Wakristo wengi, nasi hatulifichi, maana historia ifichayo haifundishi. Alifariki mwaka 1946.

Basi, wasomaji wapenzi, twaona nini? Wengi wetu hudhani kwamba kuishi bila makuu ni kwa yule tu awezaye kuondoka. Sisi tuna watoto, mashamba na wazee wa kutunza. Tukiondoka, nani atawalisha? Lakini Stokes alijinyima akiwa na jembe mkononi, na mzigo wa jirani yake aliuhesabu kuwa wake. Mwenye kuitwa njiani na aende, tumpe maji na mahali pa kulala. Mwenye kuitwa nyumbani na akae, lakini asikae kwa ajili ya nafsi yake.