Miavuli ya Kijani, Khanga na Mita Mia Mbili

Katika The Pickwick Papers, riwaya ya kwanza ya Charles Dickens iliyotoka vipande vipande mwaka 1836 na 1837, kuna uchaguzi katika mji wa kubuni uitwao Eatanswill. Wakala wa mgombea mmoja anamweleza Bwana Pickwick, bila haya, kwamba wapinzani wamewafungia wapiga kura 33 ndani ya banda la magari ya farasi la hoteli moja, na wanawanywesha pombe ili asiwafikie mtu mpaka watakapohitajika. Yeye naye hakulala. Jana yake aliwaalika wanawake 45 kunywa chai, na kila mmoja akaondoka na mwavuli wa kijani. Wanawake hao hawakuwa na haki ya kupiga kura, lakini walikuwa na waume na kaka zao.

Niliposoma sura hiyo mara ya kwanza nilicheka, halafu kicheko kikakatika katikati. Ondoa mwavuli weka khanga, ondoa chai weka pilau, na hadithi inahamia kwetu bila hata kubadili viatu.

Dickens hakuwa anazua sana. Kabla ya kuwa mtunzi alikuwa mwandishi wa habari na aliziona chaguzi kwa macho yake. Hadi 1872, mpiga kura wa Uingereza alikwenda mbele ya karani, wagombea na mawakala wao wakimtazama, akataja kwa sauti jina la aliyemchagua. Karani akaandika. Mahali pengi daftari lile lilichapishwa kabisa na kuuzwa, kwa hiyo mwenye shamba aliweza kukaa kibarazani kwake na kusoma mpangaji yupi kamsaliti. Mchoraji William Hogarth, karibu miaka 80 kabla ya Dickens, alichora picha nne za uchaguzi ambazo sasa zipo katika jumba la makumbusho la Sir John Soane jijini London. Katika moja, mpiga kura amesimama katikati, wakala huku na wakala kule, kila mmoja anamtilia kitu mkononi. Katika nyingine, wagonjwa na mahututi wanakokotwa mpaka kwenye meza ya kura.

Kura ya siri ilipoanza kutumika huko, katika uchaguzi mdogo wa Pontefract mwezi Agosti 1872, sanduku lilifungwa kwa lakiri iliyogongwa muhuri wa kiwanda cha peremende cha mji huo. Napenda sana habari hii. Demokrasia kubwa kama ile, na muhuri wa peremende!

Sasa turudi nyumbani. Sisi tulianza na siri tayari, kwa sababu tuliirithi. Tena Tanzania ilijaribu kitu ambacho wengi wa rika langu hawakijui. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili, wote wa TANU. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Hawakuruhusiwa kuzunguka kila mtu na gari lake na ngoma yake. Chama ndicho kilichoitisha mikutano, wakasimama pamoja jukwaa moja, wakazungumza Kiswahili tu, na ilikuwa mwiko kutafuta kura kwa kabila, rangi au dini. Mnaweza kusema ulikuwa uhuru wa ndani ya kibuyu, na sitabisha: nje ya TANU hapakuwa na pa kwenda. Lakini ndani ya kibuyu hicho mpiga kura hakusumbuliwa sana, na alimwangusha hata waziri wa fedha, Paul Bomani. Nadhani inafaa kulikumbuka hilo kabla hatujaanza kusema kwamba kugawa vitu ni utamaduni wetu.

Maana ndivyo tulivyoambiwa baadaye. Mwaka 2000 Bunge lilirekebisha sheria ya uchaguzi na kuingiza kile ambacho mtaani tulikiita takrima: ukarimu wa kawaida au wa kimila, ukifanywa kwa nia njema, usihesabiwe kuwa rushwa. Neno lenyewe zuri mno. Linatoka shina moja na karimu na ukarimu, neno la mgeni kukaribishwa kwa heshima. Mimi ugomvi wangu wa kwanza na sheria ile ulikuwa ugomvi wa lugha. Mwenyeji hukirimu mgeni, na mgeni akiondoka hadaiwi. Sasa huyu mgombea anayekuja na pilau, katika kijiji ambacho hajakanyaga miaka mitano, nani mwenyeji na nani mgeni?

Mashirika matatu ya kiraia yalikwenda Mahakama Kuu, na Aprili 2006 mahakama ikavifuta vifungu vile kwa kuwa vilipingana na Katiba. Hoja mojawapo ilikuwa nyepesi kueleweka hata na mtoto: mgombea maskini atakirimu kwa kitu gani?

Watu lakini hawakungoja mahakama. Walikuwa na dawa yao ya zamani, ile ya kula kwa huyu na kura kwa yule. Bibi yangu alikuwa na khanga za vyama vitatu, na zote alizivaa. Ya kijani jikoni, nyingine shambani, ya tatu ndiyo ya kumfungia mtoto mgongoni. Ukimuuliza kampigia nani, anakuuliza na wewe umekula? Hakuwa mjanja kuliko wengine. Ila ujanja wake wote ulisimama juu ya kitu kimoja, lile pazia la kituoni. Likiondolewa pazia, khanga inakuwa deni.

Na majirani zetu Kenya waliliondoa. Februari 1988, katika kura za mchujo za KANU, wakati hakukuwa na chama kingine kilichoruhusiwa, wapiga kura walipangwa mstari nyuma ya mgombea, au wakala wake, au picha yake. Wakenya wakauita mlolongo. Yaani hapo mgombea hakukufuata karibu na kituo. Yeye ndiye aliyekuwa kituo. Unasimama juani, jirani anakuona, chifu anakuona, mwenye duka unayemkopa sukari anakuona. Na aliyepata asilimia 70 au zaidi ya mstari alipita moja kwa moja, bila kwenda kwenye kura ya siri iliyofuata mwezi wa tatu.

Viongozi wa makanisa walikuwa wamepinga tangu 1986 mpango ulipotangazwa. Hoja yao moja naiona kali kuliko hotuba nyingi za siasa: mchungaji atasimamaje nyuma ya mwanasiasa mmoja mbele ya waumini wanaosimama nyuma ya mwingine, halafu Jumapili awahubirie wote? Kisha yakaja malalamiko ya kila upande kwamba mistari mifupi ilitangazwa mirefu. Sanduku linaweza kufunguliwa tena na karatasi zikahesabiwa. Mstari ukishatawanyika watu wamekwenda kunywa chai, unahesabu nini? Vumbi? Mwaka 1990 kamati ya KANU iliyoongozwa na Makamu wa Rais George Saitoti ilizunguka nchi kusikiliza watu, na Desemba mwaka huo mlolongo ukafutwa, pamoja na ile asilimia 70.

Hapo ndipo napaona umuhimu wa umbali. Sheria yetu ilikataza mikutano siku ya kura, na kuonyesha alama za chama ndani ya mita 200 za kituo. Mita hizo zilikuwa za kumzuia mgombea asimpumulie mpiga kura shingoni. Lakini mwaka 2015 ziligeuka jambo jingine kabisa. Tume ikasema piga kura nenda nyumbani. Wapinzani wakasema piga kura, kaa mita 200, linda kura yako. Siku chache kabla ya tarehe 25 Oktoba Mahakama Kuu ikaamua kwamba kukusanyika hakuruhusiwi, hata nje ya mita hizo. Hofu ya vurugu naielewa. Ila uzio uliojengwa kumzuia mgombea ulikuwa sasa unamzuia mwenye kura, na hilo sijaweza kulimeza mpaka leo.

Mtaani kwetu kuna mzee muuza kahawa. Siku ile alihamisha birika na vikombe vyake mpaka kona inayotazama shule ilipokuwa kura, mbali kidogo, akaweka na bao. Polisi walipita mara mbili wakauliza hawa wanafanya nini. Wanakunywa kahawa, akajibu. Sijawahi kuona watu wakinywa kikombe kimoja cha kahawa kuanzia saa tano mpaka magharibi.