Sheria ya Usalama na Afya Kazini (Kenya)

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inahusu kila mahali watu wanapofanya kazi nchini Kenya, iwe kwa muda au kwa kudumu. Karakana ya kuchomelea mageti mtaani Ayany, Kibera, inabanwa nayo sawa na kiwanda kikubwa. Mwenye karakana anatakiwa kuisajili, kuwapa mafundi glavu na miwani ya kukinga macho dhidi ya cheche, na kuhakikisha ukaguzi wa usalama unafanywa kila mwaka. Penye wafanyakazi 20 au zaidi huundwa kamati ya usalama. Ajali ya kifo huripotiwa kwa afisa wa usalama kazini ndani ya saa 24. Mfanyakazi akiona hatari ya papo hapo, humwarifu msimamizi wake na ana haki ya kuondoka.